Manyoya ya Shingo ya Jogoo

Mama hakuchinja jogoo bila kuniita kwanza. Maji yakianza kuchemka, alisimama mlangoni pa jikoni akaita jina langu mara mbili, nami nilijua maana yake: njoo uchukue vyako kabla sijamtia kuku majini. Maji ya moto hulegeza ngozi ili manyoya yatoke upesi, lakini manyoya ya shingo yakiguswa nayo hupinda na kupoteza mng'aro, na hayafai tena kwa kazi yangu. Kwetu Waluhya kila kipande cha ingokho, yaani kuku, kina mwenyewe. Imondo, yaani firigisi, ni ya baba mwenye nyumba, na mtoto anayethubutu kuila atakumbushwa kosa hilo hadi aoe. Katika boma letu la Chekalini, ngozi ya shingo ya jogoo pamoja na manyoya yake ilikuwa yangu.

Mimi ni mfungaji wa nzi wa kuvulia. Kazi yenyewe ni kuivisha ndoana ndogo uzi, sufi na manyoya mpaka samaki aione kama mdudu aliyeanguka majini. Nairobi, nilikojifunza, tuliwaita flai, na aliyewafunga aliitwa fundi wa flai. Nilianza mwaka 1986 nikiwa na miaka ishirini, nikarudi nyumbani mwaka 2004 na vaisi yangu, kile kibano cha kushikia ndoana, ndani ya mfuko wa nguo. Tangu hapo nafungia mezani kwangu, dirisha likitazama upande wa reli.

Wanaosimulia historia ya uvuvi huu nchini Kenya huanza na mito na mabwana. Nitaanza nao pia, maana bila wao samaki mwenyewe asingekuwepo, ila sitakaa kwao sana.

Trauti si mwenyeji wa hapa. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyepata jina kwa safari yake ya miguu kutoka Cape kwenda Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia wa ukoo wa Loch Leven, ziwa la Uskoti, na samaki hao wakatiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua iitwayo pia Aberdare. Fikiria mayai ya samaki asiyevumilia joto yakivushwa bahari yote ile hadi Mombasa. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, lakini reli haikupanda Nyandarua. Mizigo ya miaka ile ilipanda milima juu ya vichwa na migongo ya wapagazi. Kila nikisoma kwamba Grogan ndiye aliyeleta trauti, najiuliza juu ya wale waliobeba, ambao majina yao hayapo popote na nyayo zao ndizo zilizofika mtoni.

Karibu mwaka 1910 akaletwa trauti wa pili, yule mwenye mstari wa rangi za upinde wa mvua ubavuni, kutoka Afrika Kusini. Miaka ilivyosonga samaki hawa wakapandikizwa katika mito baridi ya Mlima Kenya, ya Nyandarua, na huku kwetu magharibi katika mito ya juu ya Mlima Elgon. Zikajengwa kambi za wavuvi kando ya mito: Thego, Thiba, Kimakia, Gatamaiyu. Kando ya mto Sagana ikajengwa nyumba ambayo koloni la Kenya lilimzawadia Binti Mfalme Elizabeth kwa arusi yake, na ni hapo alipokuwa tarehe 6 Februari 1952 alipopashwa habari kwamba baba yake amefariki na kwamba sasa yeye ni Malkia. Miaka 58 baadaye, mwaka 2010, mjukuu wake William alimchumbia Catherine huko Rutundu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kando ya ziwa lenye trauti. Hadithi hizo mbili ndizo wageni wanazozijua. Mimi huona kwamba jambo zito zaidi katika historia ya mito ile ni sheria yake.

Kuvua trauti kulihitaji leseni, na katika mito mingi ya trauti chambo kilichokubaliwa kilikuwa nzi wa bandia tu. Mnyoo ulikuwa marufuku. Sababu yenyewe ina mantiki: samaki aliyemeza mnyoo humeza na ndoana hadi tumboni akafa, lakini aliyedanganywa na nzi hushikwa mdomoni, na akiwa mdogo anaweza kurudishwa majini. Lakini hebu simama ukingoni upande wa pili. Mtoto aliyezaliwa kando ya Gura, mwenye uzi, ndoana na mnyoo aliouchimba nyuma ya zizi, alikuwa mhalifu katika mto wa babu yake. Nzi hakuwa chombo cha kuvulia tu. Alikuwa mpaka, na mpaka huo ulifungwa kwa manyoya na uzi. Mwenye kumiliki nzi ndiye aliyemiliki mto.

Sisi wa Chekalini hatukuwa na trauti wa kuzuiwa. Maji yetu ni ya vuguvugu mno kwake. Tulichojua vizuri ni mpaka wa ardhi. Nchi yote hii ya Lugari ilikuwa ndani ya ardhi ya walowezi. Reli ya kwenda Uganda, iliyofika Eldoret mwaka 1924 na kuendelea magharibi, ilipita katikati ya mashamba yao. Mashamba hayo yaliponunuliwa na kugawanywa wakati wa uhuru, watu walikuja kutoka Bunyore, Maragoli na kwingineko ambako ardhi ilikuwa imebana. Baba alitoka Bunyore na jembe, mke, na jogoo mmoja mwekundu. Mpaka leo wazee hapa hawasemi kijiji, wanasema skimu. Na sikio la Kiswahili husikia swali ndani ya jina Chekalini. Mama alikuwa akiliuliza kila mahindi yalipokauka shambani: kwani sisi tutacheka lini?

Niliondoka kwa sababu ya mahindi hayo. Binti wa shangazi yangu alikuwa Nairobi, akifanya kazi mahali ambapo, alisema, wanawake walikaa mezani wakifunga wadudu wa manyoya. Sikumwamini mpaka nilipoingia. Chumba kilikuwa kirefu, chenye madirisha makubwa kwa sababu kazi ile hutaka mwanga, na meza zilijaa vaisi ndogo zilizoshika ndoana kama kidole na pete. Mifuko ilikuwa imeandikwa mahali ilipotoka: manyoya ya tausi kutoka India, nywele za kulungu kutoka Marekani. Kulikuwa na shingo za majogoo waliofugwa Marekani kwa ajili ya manyoya yao tu, kila shingo imebandikwa juu ya kadibodi kama picha. Vitu hivyo vilikuja kwa ndege, vikakaa mezani petu siku chache, vikarudi kwa ndege vikiwa wadudu. Kufikia nusu ya pili ya karne ya 20 Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi zilizofungia ulimwengu nzi wake, na wavuvi wengi wa Uingereza waliosimama mtoni na visanduku vyao mfukoni walibeba kazi ya vidole vya Kenya bila kujua.

Nzi niliyefundishiwa ni Coachman, yaani mwendesha gari la farasi. Ni nzi wa kale wa Kiingereza na ni mwalimu mzuri, kwa kuwa hana pa kuficha kosa. Unabana ndoana. Unaanza uzi nyuma ya tundu lake na kurudi nao hadi pale chuma kinapoanza kupinda, kila zamu ikigusa mwenzake. Unashika nyuzi tatu au nne za unyoya wa tausi, unazisokota pamoja na uzi ili zisikatike, na kuzizungusha kuelekea mbele mpaka mwili unene, wa shaba na kijani kwa pamoja. Kisha unyoya wa kahawia wa shingo ya jogoo, zamu mbili au tatu, nywele zake zisimame kama miguu. Kisha bawa jeupe, kutoka unyoya wa bawa la bata. Hapo ndipo mikono ya wanafunzi hutetemeka, maana bawa likibanwa vibaya hulala upande. Mwisho kichwa, fundo la kufungia, tone la vanishi. Mkaguzi alikuja na sahani yake, akawapanga dazeni moja mstari mmoja. Hakutazama kama ni wazuri. Alitazama kama ni mmoja. Kumi na wawili hao walipaswa kuwa nzi mmoja aliyezaliwa mara kumi na mbili.

Aliyekataliwa tulimrarua kwa wembe, tukaokoa ndoana, tukaanza upya, na muda huo haukuwa na malipo. Tulilipwa kwa dazeni. Nataka hili lieleweke, kwa sababu ndani yake mna historia ambayo vitabu vya uvuvi haviandiki. Kwa miaka mingi wavuvi wa Uingereza walikuwa na usemi kuhusu nzi wa bei rahisi kutoka Kenya: kwamba wanafunguka, samaki wawili tu uzi umelegea na manyoya yamekimbia. Nilipousikia mara ya kwanza uliniuma kama mtu aliyetukaniwa mtoto. Lakini nilikuwa mezani, na nilijua kwa nini. Kichwa imara kinahitaji zamu saba za uzi uliokazwa kabla ya fundo. Ukifunga zamu nne, kwa macho hakuna tofauti, mkaguzi anapitisha, na jioni una dazeni moja zaidi. Dazeni hiyo ilikuwa nauli ya kurudi nyumbani Kawangware, au unga. Wanaosema fundi wa Kenya hakujua kufunga hawajui hesabu aliyokuwa akipiga. Duka la ng'ambo humuuza nzi mmoja kwa dola mbili au tatu. Zile zamu tatu zilizokosekana kichwani zilikuwa tofauti ya bei, na zilikatwa mbali na mto.

Inasemekana Royal Coachman, mtoto mashuhuri wa huyu Coachman, alizaliwa kwa shida hiyohiyo. Mwaka 1878 John Haily, mfungaji wa New York, aliombwa akina Coachman wasiochakaa upesi, akazungusha mkanda wa hariri nyekundu katikati ya mwili kuukinga unyoya wa tausi. Ule wekundu ambao wavuvi wameupenda kwa karne na zaidi ulianza kama kiraka. Nampenda Haily kwa hilo. Alipewa nafasi ya kuongeza zamu.

Nilifunga miaka kumi na mmoja kabla ya kumwona trauti aliye hai. Mwaka 1997 mnunuzi mmoja wa kigeni, mzee mpole, aliomba mafundi wachache wamsindikize hadi msitu wa Gatamaiyu, si mbali sana na Nairobi. Asubuhi ilikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Maji ya mto ule ni meusi kwa kivuli na meupe kwa povu, na unayaona mawe hadi chini. Yule mzee akavaa mabuti marefu ya kifuani, akaunganisha fimbo yake vipande vinne, na hapo nikaelewa kitu ambacho miaka kumi na mmoja ya meza haikuniambia. Nzi hana uzito. Huwezi kumrusha kama jiwe au risasi ya mshipi wa kawaida. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao umetengenezwa mnene na mzito. Fimbo inaupeleka nyuma, unanyooka hewani, kisha unaletwa mbele, na nzi anaufuata mwishoni kama kitambaa mkiani mwa tiara. Akatua juu ya maji bila sauti. Na manyoya ya shingo ya jogoo, yale niliyokuwa nikiyazungusha zamu mbili bila kujua kwa nini mbili na si tano, yakafunguka majini, yakajikunja, yakafunguka. Yalikuwa yanapumua.

Samaki alikuja kutoka chini ya mzizi. Alimtazama nzi, akamfuata kwa urefu wa mkono, akageuka. Mzee akacheka kwa furaha, akanigeukia akaniuliza ni nani kati yetu aliyemfunga huyu. Sikujua. Ndiyo maana ya dazeni: huwezi kumjua wako. Lakini nilirudi Nairobi nikiwa fundi mwingine, na tangu siku hiyo sikufunga kichwa chenye zamu nne, hata wiki ambazo ilinibidi kutembea kurudi nyumbani.

Njiani kurudi siku ile, yule mzee alitusimulia habari ya Aelian, mwandishi wa Kirumi wa karibu mwaka 200. Aelian ameandika juu ya watu wa Makedonia waliovua katika mto Astraeus. Samaki wa mto ule walipenda mdudu fulani anayeelea, lakini mdudu mwenyewe akiguswa na mkono huharibika, hafai kwa chambo. Basi watu wale wakazungushia ndoana sufi nyekundu, wakafunga juu yake manyoya mawili ya jogoo, yale yanayoota chini ya ndevu zake, yenye rangi kama nta. Hiyo ni miongoni mwa habari za kale zaidi tulizo nazo za kufunga nzi. Kitabu cha kwanza cha Kiingereza kuchapishwa juu ya uvuvi wa ndoana, chenye orodha ya nzi kumi na wawili, kilitoka mwaka 1496, miaka karibu 1,300 baada ya hapo. Wengine garini walisinzia. Mimi nilikuwa nawaza jikoni kwa mama. Chini ya ndevu za jogoo, yenye rangi ya nta. Nilijua hasa ni manyoya gani, na nilijua ni jogoo yupi pale Chekalini aliye nayo.

Nikaanza kukumbuka na jambo jingine. Mto Kipkaren hupita upande wetu ukielekea kuungana na Nzoia, na maji hayo yote huishia ziwani Victoria. Samaki wake ni mumi wa matopeni, fwani mwenye magamba makubwa ya dhahabu, na ningu, ambaye mvua zikianza hupanda mito kutoka ziwani kwenda kutaga. Kukhu, nyanya yetu aliyetulea, alisimulia juu ya ningu kama mtu anavyosimulia juu ya jamaa aliyehama. Zamani walipanda wengi kiasi kwamba watu waliwangoja kwa vikapu, lakini nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito katikati ya karne iliyopita ziliwakamata kabla hawajataga, na ukoo ukapungua mwaka hadi mwaka. Fwani alibaki. Na kila mtoto wa skimu anajua siku ya fwani ni ipi. Mvua kubwa ya kwanza ikikatika, ardhi inafunguka na tsiswa wanatoka, wale kumbikumbi wenye mabawa marefu ambao sisi huwakusanya kwa mabeseni na kuwakaanga kwa chumvi. Wengine huangukia mtoni. Basi juu ya maji, mahali ambapo mchana kutwa hukuona kitu, yanafunguka midomo. Plup. Plup. Tulikuwa tunakaa ukingoni na mabeseni yetu tukisikiliza, na hakuna aliyewaza kitu.

Ni jambo lilelile la Astraeus. Samaki, mdudu anayeelea, na mdudu ambaye hakai kwenye ndoana, kwa sababu mabawa ya kumbikumbi hupukutika ukimgusa tu. Wamakedonia walipofika hapo walichukua sufi na jogoo. Sisi tulikuwa na sufi na jogoo, tena jogoo wasiohesabika, ila mto wa karibu ambao ungetufundisha neno nzi ulikuwa umezungushiwa leseni, na somo likachukua njia ndefu kupitia Uskoti na chumba cha madirisha makubwa kabla ya kunirudia.

Niliporudi nyumbani mwaka 2004 nilimfunga kumbikumbi. Ndoana namba kumi. Hizi namba huenda kinyume, kumi na sita ni ndogo kuliko nane, nami nilitaka kitu ambacho fwani atakiona kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mwili ni sufi ya kahawia kutoka sweta kuukuu la shule, umegawanywa kiunoni kwa uzi kama wa mdudu mwenyewe. Mabawa ni manyoya mawili ya shingo ya jogoo mwekundu, yamelazwa bapa mgongoni, marefu kupita mwili, maana kumbikumbi ni mabawa zaidi ya nyama. Kisha zamu mbili za unyoya wa kifuani zisimame kama miguu. Sikuwa na fimbo ya vipande vinne. Mtoto wa kaka yangu alikata mwanzi, tukafunga mshipi mnene tuliouloweka nta, na tukarusha hovyo kwa wiki mbili juu ya nyasi hadi mkono ukaelewa.

Mvua ya Aprili ilikatika saa kumi za jioni. Tulipofika ukingoni tsiswa walikuwa hewani tayari, na watoto wa majirani walikuwa wakipiga mabeseni. Kijana akarusha mara tatu akanasa majani, mara ya nne nzi akatua chini ya mti unaoinama majini, akaelea mabawa yake yakiwa wazi kati ya kumbikumbi wa kweli sita au saba. Mdomo ukafunguka chini ya mmoja wao. Ukafunguka chini ya mwingine. Kisha mwanzi ukapinda.

Tulitoa fwani watatu jioni ile, mkubwa wao sawa na mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, na tulimtumia nzi mmoja tu kwa sababu nilikuwa nimekuja na mmoja. Mama alitaka kuona samaki. Mimi nilimpeleka nzi kwenye taa. Bawa moja lilikuwa limekatika nusu, sufi ilikuwa imetafunwa, meno ya koo ya fwani yalikuwa yameacha alama kwenye chuma. Nikapitisha ukucha juu ya kichwa, polepole, nikihesabu zamu za uzi. Zilikuwa saba, na hakuna hata moja iliyokuwa imesogea.